Bamia zinalala mchana, zinaamka jioni, mizizi imevimba kama tangawizi. Nifanyeje?

mamalishe_mstaafu

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naomba msaada, na naomba mniambie ukweli hata kama unauma.

Nimepika chakula Mbagala miaka kumi na moja. Magoti yalipogoma nikahamia kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu Mkuranga, ukiwa unaelekea Kisiju. Ekari mbili: moja mikorosho na minazi, ya pili ndiyo nalima mboga. Udongo wa huku mnaujua, mchanga mtupu, ukimwaga maji unayasikia yakinywewa. Nina kisima na kapampu ka petroli. Huu ni mwaka wa tatu.

Mwaka wa kwanza nilivuna mpaka majirani wakaanza kuninong'ona. Bamia nachuma leo, kesho napumzika, keshokutwa nachuma tena, na kila nikichuma sikosi viroba vitatu. Nyanya chungu ndiyo usiseme. Mwaka wa pili mavuno yakapungua, nikajua ardhi imechoka, nikaongeza mbolea. Mwaka huu nimeongeza mbolea, nimeongeza maji, nimeongeza na madeni, na kiroba kimoja hakijai.

Hali iko hivi. Ikifika saa sita mchana majani yananing'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Jua likipoa yanaamka, unaweza kudhani hayakuwa na neno. Baada ya wiki mbili tatu yanageuka njano kuanzia chini, mmea unadumaa, unatoa bamia mbili zilizopinda, basi. Na si shamba zima, ni viraka. Kile kikubwa kuliko vyote kinaanzia karibu na kisima, halafu kinafuata mfereji kwenda bondeni.

Duka la pembejeo nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza nikauziwa busta ya majani, ya pili dawa ya ukungu. Ya tatu nikapewa chembechembe za zambarau kwenye mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, hauna karatasi wala maandishi, nikaambiwa mwaga kijiko kila shina. Hizo sijamwaga. Moyo ulisita.

Jana nikasema liwalo na liwe, nikang'oa bamia moja. Mzizi ulitoka na mabonge. Mengine kama karanga, mengine yameungana yakawa kama kipande cha tangawizi, na vile vimizizi vyembamba kama nywele karibu havipo. Nikalikata bonge moja kwa kisu, nikaliweka juani, nikavaa miwani yangu ya kusomea. Ndani kuna vidoa vyeupe vinavyong'aa, vidogo kama punje za chumvi laini.

Kitu kimoja kinanichanganya. Nyanya chungu za mistari mitatu ya mwisho, upande wa mkorosho mkubwa, hazina shida hata kidogo. Maji yale yale, samadi ile ile, zimepandwa wiki moja na wenzao.

Ni ugonjwa gani? Dawa ni ipi? Na ule utaratibu wangu wa kupokezana, msimu huu nyanya chungu, msimu ujao bamia, hautoshi kuipumzisha ardhi?

kidume_wa_shamba

Mama huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Ng'oa zote, hama shamba. Au mwaga hizo chembechembe, sisi wote tunatumia na hatujafa.

ugani_pwani

Kabla hatujamhamisha mama wa watu, tuhakikishe. Mama, chukua shina la nyanya chungu iliyolala (bamia huyo bakteria hana habari nayo sana), kata kipande cha kama sentimita 10 karibu na ardhi. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iwe ndani ya maji, usiitikise. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka kwenye shina. Shina jingine lipasue kwa urefu uone kama ndani pamekuwa kahawia, maana mnyauko wa fuzari, ule wa ukungu, huacha alama hiyo.

Ila kwa hayo mabonge, mimi nashuku minyoo fundo.

Chembechembe zisizo na lebo usizimwage na usimpe mtu mwingine. Kiuatilifu halali kina namba ya usajili, jina la kiambato, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ndio wanaosimamia hayo. Bamia unachuma kila baada ya siku moja, hizo siku za kusubiri utazitoa wapi?

mamalishe_mstaafu

Nimefanya. Nimekaa mbele ya glasi dakika ishirini kama naangalia fainali. Maji yamebaki maangavu vile vile. Shina nimelipasua, ndani jeupe. Kwa hiyo ni minyoo? Lakini sioni mnyoo wowote.

babu_wa_makumbi

Mama, pole. Mimi niko Bagamoyo, upande wa mto Ruvu, mboga nimeanza kulima 1996. Hao wageni wako nawajua. Nimewalisha kwa pesa yangu misimu mitano kabla sijashtuka.

Huwaoni kwa sababu mnyoo akiwa mchanga urefu wake haufiki nusu milimita. Anaogelea kwenye unyevunyevu ulio kati ya punje za mchanga, ndiyo maana udongo wa kwetu anaupenda kuliko mfinyanzi. Anaingia kwenye ncha ya mzizi, anatulia mahali pamoja, anaulazimisha mzizi umpikie, na pale anapopikiwa ndipo panapovimba. Jike akishakaa hatoki tena. Ananenepa, anakuwa na umbo la mtungi mdogo. Hizo punje za chumvi ulizoziona ndio majike yenyewe. Kila mmoja anataga mayai mia tatu, mia tano, wengine zaidi, ndani ya ute unaonata. Kwa joto la pwani, toka yai mpaka jike mwingine anayetaga ni kama wiki nne. Bamia yako inakaa shambani miezi mingapi? Minne? Mitano? Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga nikaishia njiani.

Mmea unalala mchana si kwa kukosa maji. Maji yapo, mabomba ndiyo yameziba. Kwa hiyo hiyo petroli unayochoma kumwagilia mara mbili, iache.

Sasa huo utaratibu wako wa kupokezana. Wewe umepika, utanielewa haraka. Nyanya chungu kwao ni ugali, bamia ni pilau. Umekuwa ukibadilisha chakula, wateja ni wale wale, na wala hujawahi kufunga mgahawa hata siku moja.

Kabla sijaendelea nijibu mambo mawili. Miche ya ile mistari mitatu ya kwenye mkorosho ilitoka wapi? Na kitalu chako kiko wapi?

mamalishe_mstaafu

Babu shikamoo. Umenifanya nikae chini.

Miche ya ile mistari mitatu nilinunua. Yangu ilipungua, nikachukua trei tatu kwa kijana mmoja Vikindu. Nilisahau kabisa kusema, sikujua kama ina maana.

Kitalu changu kiko pale pale tangu mwaka wa kwanza: pembeni ya kisima, chini ya mpapai. Pana kivuli, na keni haina safari ndefu.

Nimeenda sasa hivi na tochi ya simu. Nimeng'oa miche kumi ya nyanya chungu niliyopanga kuipandikiza wiki ijayo, nikaisuuza kwenye bakuli jeupe. Saba ina vivimbe, vidogo kama shanga. Kwa juu miche ni ya kijani, imesimama vizuri, mtu angeinunua. Nikachimbua na mzizi wa mpapai. Nao una mabonge.

Yaani nimekuwa nikiwapandikiza kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja mmoja, na maji nikawapa.

babu_wa_makumbi

Marahaba. Usijilaumu, karibu wote tumepitia hapo. Mimi niliwapata kwa trekta la kukodi, lilitoka kulima shamba la matikiti likaja kwangu na udongo wa huko kwenye meno ya jembe. Mnyoo mwenyewe hana safari, msimu mzima kuivuka mita moja kwake ni kazi. Wanaompeleka mbali ni sisi: miche, majembe, buti, na maji ya mfereji. Ndiyo maana kiraka chako kinaanzia kisimani na kushuka na maji.

Nikwambie la kwanza kabisa ili usipoteze hela: hutawamaliza. Kinachowezekana ni kuwashindisha njaa mpaka wapungue kiasi cha mmea kuwamudu.

Kitalu kihame leo. Hiyo miche usiionee huruma, ing'oe yote, na usimgawie jirani. Uko kwenye minazi, vumbi la makumbi halitakusumbua. Liloweke na kulisuuza mara kadhaa chumvi itoke, changanya na mboji iliyoiva vizuri, otesha kwenye trei, na trei zikae juu ya kichanja, zisiguse ardhi. Ukilazimika kutumia udongo, uuive kwanza. Mimi nina pipa nililolikata nusu. Natia udongo wenye unyevu, nafunika, nachochea moto chini, na katikati nafukia kiazi. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. (Wajukuu wanagombania hicho kiazi.)

Mizizi ya mazao yaliyokwisha ing'oe siku ile ile ya uchumaji wa mwisho. Mwagilia kwanza ili isikatikie chini, ng'oa, anika kwenye turubai mpaka ikauke kau, choma. Usiitupe kwenye lundo la mboji. Na hapa ndipo wengi tunaponaswa: tunaiacha bamia kuukuu imesimama mwezi mzima kwa ajili ya ndoo moja ya mwisho. Mwezi mmoja ni kizazi kizima. Hiyo ndoo utailipa msimu ujao.

Sasa hivi tuko Januari, jua la kaskazi ni la bure, litumie. Lainisha matuta, mwagilia mpaka yalowe barabara, tandaza nailoni ya kuonea, ilale ardhini bila kuacha mifuko ya hewa, kingo uzifukie. Iache wiki nne mpaka sita. Nailoni nyeusi usinunue kwa kazi hii, maana hiyo inapata moto yenyewe, wakati ya kuonea inalipitisha jua likapashe udongo. Na usifunike ekari nzima, utafilisika. Funika matuta machache utakayoanza nayo masika. Ujue pia kwamba joto linafanya kazi zaidi kwenye zile sentimita kumi na tano za juu. Walio chini zaidi watabaki, watapanda baadaye, lakini mche wako utakuwa umeshapata mizizi.

Kwenye kile kiraka kikubwa panda marejea, ile ya mbolea ya kijani. Ipande karibu karibu, ikae miezi miwili au mitatu, ikianza maua ifyeke uifukie. Minyoo inaingia kwenye mizizi yake lakini uzazi unawashinda. Baada ya hapo karanga, kwa kawaida hawa wetu karanga haziwafai. Merigoldi, yale maua ya njano na machungwa, nayo inawapunguza kweli, ila lazima ijae tuta zima. Watu wanapanda mche mmoja kila pembe kama mapambo ya harusi, kisha wanalalamika haifanyi kazi. Mahindi yasikudanganye, mizizi yake haivimbi sana lakini humo humo wanakula na kuzaa kimya kimya. Palilia mnavu na mchicha pori, maana ukiviacha umefunga mgahawa mbele huku unagawa chakula mlango wa nyuma.

Samadi ya kuku iliyoiva na mashudu ya mwarobaini tia kwa wingi utakaoweza. Mchanga wetu hauna uhai, na kwenye udongo wenye uhai kuna ukungu na vijidudu vinavyokula hayo mayai.

Kuhusu chembechembe za zambarau, kidume_wa_shamba anasema hawajafa. Mimi nilimwaga 2003. Kuku sita wa jirani walidonoa, wakafa kabla ya adhuhuri, nikalipa. Na msimu uliofuata minyoo ilikuwepo.

kidume_wa_shamba

Babu sawa, nimekusikia. Lakini mbona kunde zangu zina mabonge kwenye mizizi na zinazaa vizuri tu? Au nazo nizichome?

babu_wa_makumbi

Usichome kunde za watu! Vinundu vya kunde vimekaa ubavuni mwa mzizi kama vishikizo. Visukume kwa kidole gumba vinabanduka, ukikipasua kimoja kilicho hai ndani kina wekundu. Hivyo ni rafiki, vinatengeneza mbolea. Bonge la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hulibandui mpaka ukate. Ila kunde nayo minyoo inaishambulia, kwa hiyo unaweza kukuta vyote viwili kwenye mmea mmoja. Ng'oa utazame.

Mnyalukolo

Kamwene. Mimi nalima nyanya Ilula, Iringa. Huku tuliambiwa tusome herufi kwenye pakiti ya mbegu baada ya jina. V ni mnyauko wa vetisilia, F ni fuzari, N ndiyo minyoo. Nilikuwa napanda Rio Grande, ina V na F, haina N, ikachapwa. Kuna Tengeru 97 iliyotoka kule Tengeru, Arusha, inasifiwa kuvumilia minyoo. Mama si aache bamia ahamie nyanya yenye N, shida iishe?

ugani_pwani

Ushauri mzuri kwa Ilula, kwa Mkuranga una mtego. Ule ukinzani wa nyanya dhidi ya minyoo fundo unategemea sana jeni moja, na jeni hiyo inalegea udongo ukizidi nyuzi joto 28 hivi. Iringa ni baridi, inakulinda. Mchanga wa pwani mwezi wa pili unaunguza unyayo. Halafu kuna aina za minyoo fundo ambazo jeni hiyo haizizuii kabisa. Mama akitaka nyanya, aipande kipindi cha kusi kukiwa na ubaridi, na atandaze majani makavu udongo upoe. Bado afanye yale ya babu.

Mama, ukitaka kujua ni aina gani uliyonayo, chota udongo pamoja na vimizizi, kina cha sentimita 15 hadi 20, sehemu kama kumi za shamba, pembeni mwa viraka si katikati palipokufa. Changanya, weka kwenye mfuko, kaa nao kivulini usikauke, fika nao ofisi ya kilimo ya wilaya wakuelekeze maabara. Katikati ya kiraka kilichokufa mara nyingi minyoo ni michache, maana chakula kimeisha.

mamalishe_mstaafu

Narudi na mrejesho. Sasa tuko Machi.

Mpapai nimeukata. Niliulilia kidogo, ulikuwa na mapapai tisa. Miche yote nilichoma na mizizi ya bamia. Chembechembe nilizirudisha dukani, kijana akasema hajawahi kuniona.

Nailoni nilinunua ya matuta manne tu. Wiki ya tatu nilipenyeza mkono pembeni nikautoa mbio, palikuwa kama mfuniko wa sufuria. Zilipotimia wiki sita nikafunua, magugu yamekufa yote isipokuwa ndago, hizo sijui zimeumbwa na nini. Nimepanda humo bamia za majaribio na tuta moja la pembeni ambalo halikufunikwa nimepanda mbegu ile ile, siku moja. Jana zimetimiza siku kumi na nane, nimeng'oa tano tano. Za kwenye nailoni: moja tu ina kavimbe kamoja. Za tuta lisilofunikwa: zote tano.

Marejea yamefika magotini kwenye kile kiraka kikubwa. Mbegu niliagiza Songea, zikaja na basi. Majirani wanauliza hizo mboga zinapikwaje.

Babu, kiazi nilifukia nikasahau kukitoa, kikawa mkaa. Udongo nadhani umeiva zaidi ya ulivyotaka.

Swali langu moja limebaki: ile mistari mitatu ya mkorosho bado inazaa, ila nimeanza kuona mmea mmoja wa mstari wa mwisho, ulio karibu na mfereji, unalegea mchana. Niung'oe peke yake au na wawili wa jirani yake?

babu_wa_makumbi

Hongera sana. Ndago ni ndago, mwachie Mungu.

Ng'oa huo na wawili kila upande, chota na udongo wa shimo upeleke mbali na shamba, kisha uzibe mfereji hapo, mistari hiyo imwagilie kwa keni. Hutazuia minyoo isiifikie, utaichelewesha tu mpaka uvune. Ukimaliza osha jembe kabla hujaingia kwenye matuta ya nailoni, chuma na mpini, kisha lianike juani.

mamalishe_mstaafu

Nimeng'oa yote mitano. Ule uliolegea mizizi ina mabonge, miwili ina shanga, miwili misafi. Mfereji nimeuziba kwa makumbi ya nazi na udongo.

Wakati naosha jembe jirani yangu amekuja kuliazima. Nikamwambia subiri, nikalisugua kwa brashi ya kufulia mpaka chuma kikang'aa, nikalimwagia maji ya moto, ndipo nikampa. Akaniuliza, tangu lini jembe likaogeshwa? Nikamwambia keti hapo kwenye kigoda, nikaleta ule mzizi.